Daftari la Mlangoni

Watu wa Kaloleni, Nairobi, walikuwa na neno moja na Ndete: hasalimii. Ukipishana naye asubuhi akienda kazini, shati limepigwa pasi, kalamu mbili mfukoni, anapita kama hakuoni. Ukimwamkia wewe, anasimama, anaitikia kwa heshima zote na kuuliza hali ya watoto mmoja mmoja. Lakini kuanza yeye, hata siku moja. Kwetu sisi, ambao salamu ni nusu ya kuonana, hilo si jambo dogo. Wengine walisema kazi ya ofisi imempandisha kichwa. Wengine walisema ni mkewe, Mwongeli, aliyemkataza. Mwongeli mwenyewe alikwisha choka kuomba radhi kwa niaba ya mumewe. Akiulizwa alisema tu, "Ndivyo alivyo," akaendelea kuchambua maharagwe yake.

Sababu waliijua wagonjwa wake wachache, na hao hawakuwa na njia ya kuisema bila kujifichua. Ndete alikuwa karani wa mafaili katika zahanati iliyokuwa ndani ya ua wa kanisa, kando ya Barabara ya Jogoo, na zahanati hiyo ilikuwa na chumba cha nyuma cha kutibu maradhi ya akili. Mwaka wake wa kwanza kazini alimwona mgonjwa mmoja pale soko la Burma, mwanamke aliyekuwa ameanza kupata nafuu, akamsalimu kwa moyo mweupe. Mwanamke yule alikuwa na mumewe. Mume akataka kujua mwanamume huyu anamjuaje mke wake. Mwanamke akababaika, akatoa jibu lisilo na kichwa wala miguu, na mwezi uliofuata hakuja kuchukua dawa. Mwezi wa pili pia hakuja. Wa tatu Ndete akasikia kwamba amerudishwa kwao Mwala, Ukambani, akiwa amefungwa kamba.

Basi akajiwekea sheria. Ikiwa hawezi kuwasalimu wagonjwa wake, hatamsalimu mtu yeyote, ili pasiwe na wa kutiliwa shaka. Sheria hiyo aliishika miaka kumi na tisa, na jina la mtu mwenye maringo akalibeba mwenyewe, asimweleze hata mkewe. Mimi huwa nafikiri hiyo ni aina ya mapenzi, ingawa haimpendezi anayepitwa.

Kazini alikuwa hivyo hivyo. Mafaili yake hayakuwa na majina, yalikuwa na namba. Majina yaliandikwa mahali pamoja tu, katika kijitabu kilichokaa ndani ya kabati la chuma, na ufunguo wa kabati ulining'inia kwenye uzi ndani ya shati lake. Mgonjwa aliitwa kwa namba. Chumba cha nyuma hakikuwa na maandishi mlangoni. Na wagonjwa wa akili hawakuwekewa benchi lao. Ndete aliwaketisha pamoja na akina mama walioleta watoto kupimwa uzito na wazee wa presha. Ungekaa pale asubuhi nzima usijue nani amekuja kwa lipi. Siri ya mtungi aijuaye kata, na kata ya zahanati ile ilikuwa Ndete.

Mmoja wa wagonjwa hao alikuwa Kavutha, fundi wa kushona sare za shule pale Burma. Aliletwa mwaka wa tisini na moja na jirani yake wa kibanda, Yurub, mwanamke wa Kisomali, muuza vitambaa aliyezaliwa Pumwani. Kavutha alikuwa amepoteza mtoto wa pili tumboni, mumewe amemwacha, naye hajatamka neno kwa wiki sita. Yurub ndiye aliyemlisha uji kwa kijiko, akamwogesha, akamshika mkono hadi zahanati. Alipoulizwa uhusiano wao, Yurub alisema ni dada yake, na Ndete akaandika hivyo hivyo, dada, bila kukodoa macho. Miezi minane baadaye Kavutha alirudi kwenye cherehani. Tangu hapo alikuja kila Jumanne ya kwanza ya mwezi, akachukua vidonge vyake, akaenda zake. Duniani kote waliojua ni daktari, Ndete na Yurub.

Mwaka wa tisini na sita, Kavutha aliinama kwenye dirisha la Ndete uso umemkunjuka. Alimwambia kwa sauti ya chini kwamba amepata mtu. Jina lake Matheka, dereva wa lori, amefiwa na mke, ana watoto wawili wadogo. Watoto wenyewe walikwisha anza kumwita mama. Ndete, ambaye kazini hakuzoea kucheka, alicheka. Alifurahi kama baba aliyeozesha.

Lakini kwa Wakamba mahari hayapelekwi kabla nyumba haijaulizwa. Mtu hutumwa kimyakimya kuchunguza kama ukoo una uchawi, kifafa au wazimu. Kwa upande wa Matheka aliyetumwa ni shangazi yake, Syombua, mwanamke wa Makadara ambaye hakuna harusi iliyompita bila yeye kuipekua. Syombua alijua kwamba zahanati ya kanisani ina chumba cha nyuma, na alijua nani anashika mafaili. Akaenda Kaloleni, akanywa chai kwa Mwongeli, akala chapati mbili, akasifu mapazia, kisha akamgeukia Ndete na kumuuliza kama kuna binti fundi wa sare anayeonekana onekana pale kwao.

"Mafaili yangu hayana majina, mwaitu," Ndete akamjibu, akimwita mama kwa lugha yao. "Yana namba."

Syombua alimzunguka kwa maswali, mlango wa mbele, wa nyuma na dirishani, asipate kitu. Aliondoka amenuna. Ndete alimsindikiza hadi nje, na moyoni, tuseme ukweli, alijipongeza.

Ndipo alipokuja Waringa. Alikuwa msichana wa chuo, mpole, miwani myembamba, ametumwa na wafadhili kulinganisha zahanati tatu za Eastlands zinazotibu maradhi ya akili: ipi inalinda vizuri zaidi kumbukumbu za wagonjwa wake, na ipi inafuata masharti. Alikuwa na fomu ya kurasa tisa na kila jibu lilikuwa na alama zake. Zahanati moja, ng'ambo ya mto upande wa Mathare, ilikuwa imepata kompyuta ya msaada. Nywila ya kompyuta hiyo ilikuwa imeandikwa kwenye kipande cha karatasi na kubandikwa pembeni ya kioo, mpaka mfagiaji akaijua. Lakini fomu iliuliza tu kama kompyuta ina nywila. Ilikuwa nayo, ikapata alama zote za swali hilo. Ya pili ilikuwa na kanuni zilizochapwa kwa taipureta na kutiwa kwenye fremu ukutani, juu ya kabati lisilo na kufuli. Nayo ikapata zake.

Ya Ndete ikawa ya mwisho. Kanuni zilizoandikwa, hakuna. Nakala ya akiba, hakuna. Orodha ya watu wanaoingia na kutoka, hakuna. Alama thelathini na nane kwa mia. Waringa aliona haya kumwambia. Alisema kwamba angekuwa na mama mgonjwa, angemleta hapa, si kwa wale wengine. Ndete akamuuliza hilo linaandikwa wapi. Waringa akaifunua fomu, akaifunua tena, akakiri kwamba halina mahali.

Daktari Phares, mkuu wa zahanati, hakumlaumu. Alisema tu kwamba wafadhili wataisoma ripoti, na kwamba Waringa atarudi baada ya miezi minne kuona kilichorekebishwa. Phares alikuwa mtu mwema mwenye mambo mengi, na watu wa namna hiyo wakikuachia jambo, wamekuachia kweli.

Ile thelathini na nane ilimkaa Ndete kooni. Miaka kumi na tisa ya kupita watu kama gogo, kisha uambiwe kuwa wewe ndiye mlinzi mbovu kuliko wote. Alichukua daftari kubwa la jalada gumu, akalipiga mistari kwa rula na wino mwekundu, akaandika vichwa vile vile vilivyotakiwa na fomu: jina, mtaa, uliyekuja kumwona, saa ya kuingia, saa ya kutoka, sahihi. Ilikuwa kazi safi, hata Phares aliisifu. Akaliweka kwenye meza ndogo mlangoni, kalamu imefungwa kwa uzi isichukuliwe.

Utauliza, mtu mwenye hekima ile hakuona? Hakuona. Nairobi nzima inaandika kwenye madaftari ya milangoni. Ukienda shule ya mtoto, unaandika. Ukienda kutafuta kazi kiwandani, unaandika, na wakati unaandika unasoma aliyetangulia, anatoka wapi, amekuja kumwona nani, wala hakuna anayeliona kuwa jambo. Limezoeleka kama kujifuta miguu. Na Ndete alijiambia kwamba daftari liko hatua mbili kutoka dirishani pake, chini ya macho yake.

Jumanne ya kwanza Kavutha alifika mlangoni, akaliona daftari, akasimama. Alishika kalamu bila kuandika.

"Hata mimi, baba?"

"Hata wewe. Ni utaratibu mpya."

"Siwezi kuandika namba yangu tu?"

Ndete alisita. Hilo alilikumbuka baadaye kuliko mengine yote, kwamba alisita. Kisha akaifikiria fomu, ambayo ilitaka majina kamili, akasema, "Andika jina, binti yangu. Daftari linakaa hapa na mimi."

Akaandika. Kwa mwandiko wake wa mviringo akaandika jina, mtaa wa Jericho, na kwenye safu ya tatu, daktari wa akili. Mwezi uliofuata akaandika tena, na wa tatu tena, bila kuuliza.

Syombua alikuja siku ya Alhamisi akichechemea, akisema goti linamsumbua. Ndete alimtambua na hata akafurahi kidogo, maana alitaka mama yule ajue kwamba kukataa kwake siku ile hakukuwa ufidhuli. Alitoka dirishani akaja mwenyewe hadi mlangoni. Akamvutia kiti. Akamfunulia daftari, akamtia kalamu mkononi.

"Andika hapa, mwaitu. Kila mtu anaandika."

Syombua akavaa miwani. Aliandika jina lake polepole, kisha akalowesha kidole kwa ulimi na kufunua ukurasa wa nyuma, na mwingine wa nyuma yake. Ndete aliona kidole kile. Alidhani bibi amepotea anatafuta mstari wake. Alikuwa anataka kumsaidia, lakini muuguzi akamwita aletewe faili, akaenda. Aliporudi kiti kilikuwa kitupu. Syombua hakuonana na mtu yeyote kuhusu goti. Lakini safu ya saa ya kutoka alikuwa ameijaza barabara, saa nne na dakika ishirini.

Siku tisa baadaye ujumbe ulifika kwa Kavutha kupitia mzee wa kanisa. Familia ya Matheka inashukuru, lakini imeonelea shughuli isimame. Mzee alipobanwa alisema kuna ugonjwa uliofichwa. Matheka hakuja mwenyewe. Alikuwa safarini na lori, au ndivyo walivyosema. Watoto wake wawili walikatazwa kupita karibu na kibanda.

Kavutha alikaa akahesabu waliojua. Daktari, asingesema. Karani, huyo ni kaburi. Akabaki mmoja.

Ndete aliyasikia yaliyofuata kwenye benchi lake, kutoka kwa akina mama waliokuwa wakisubiri mizani. Kavutha alikuwa amemkabili Yurub katikati ya soko la Burma, mbele ya wauza vitambaa wote, akamwambia kikulacho ki nguoni mwako. Akamwita msaliti. Akamwambia maneno ambayo watu huwaambia Wasomali wakati wanapotaka kuumiza, kwamba arudi kwao, yeye aliyezaliwa Pumwani na mama yake kuzikwa hapo hapo Nairobi. Yurub alisema mara moja tu kwamba si yeye aliyesema, kisha akaanza kukunja vitambaa vyake, kimoja kimoja. Akina mama walikuwa wakisimulia wakicheka kidogo, kama watu wanavyocheka mambo ya wengine.

Ndete aliinuka akaenda mlangoni. Alifunua daftari nyuma, kurasa zile alizofunua Syombua, na kwa mara ya kwanza akalisoma kama mgeni. Yote yalikuwapo. Miezi mitatu ya Jumanne za kwanza, na si Kavutha peke yake: mwalimu wa Makongeni, shemasi, kijana wa benki. Alikuwa ameyapiga mistari myekundu mwenyewe ili yasomeke vizuri. Akakaa kwenye kile kiti alichomvutia Syombua, na muuguzi akadhani ni presha.

Jumanne ya kwanza iliyofuata Kavutha hakuja. Wala mwalimu hakuja. Wiki hiyo hiyo Waringa alirudi na fomu yake, akalikuta daftari, akalisifu kuwa la kuigwa. Alama sabini na nne. Walikuwa wameipita ya kompyuta. Phares alimpa Ndete mkono mbele ya wafanyakazi wote, na Ndete akautoa mkono wake kama mtu anayetoa kitu cha kuazima. Kisha akawaambia wote wawili lile daftari lilichofanya, yote, na nani alimtia kalamu Syombua mkononi. Waringa alivua miwani akaifuta. Alisema kwa masikitiko kwamba fomu imekwisha fungwa, lakini ataandika nyuma ya karatasi. Ndete alilichukua daftari akalifungia kwenye kabati la chuma, wala Phares hakuthubutu kumzuia.

Lakini maji yakimwagika hayazoleki. Jumamosi mchana alitia pakiti ya vidonge mfukoni, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akaenda Jericho kwa miguu.

Kavutha alimfungulia. Alikuwa amekonda mashavuni, na kitambaa cha kufunika cherehani kilikuwa na vumbi. Nyumbani hakukuwa kumechafuka. Kulikuwa kumenyamaza tu. Alimkaribisha vizuri, akamwita baba kama siku zote, akatandika kitambaa kwenye stuli ili akae. Wema ule ulimchoma Ndete kuliko tusi. Akauliza dawa. Kavutha akasema ameacha, kwa maana watu wakikwisha kukuita mwendawazimu, unameza vidonge vya nini. Ndete akaweka pakiti mezani. Haikuguswa.

"Baba," Kavutha akasema, "wewe unaona wote wanaoingia pale. Niambie ukweli nitulie. Ni Yurub, sivyo?"

Hapo ndipo mtu angeweza kunyamaza. Kunyamaza ilikuwa kazi yake, alikuwa amezeeka ndani yake, na hakuna ambaye angejua kamwe. Angemwacha aendelee kumchukia Yurub, naye angebaki kuwa baba. Nitasema wazi kwamba alilifikiria.

"Si Yurub," akasema. "Ni daftari. Shangazi yake Matheka alilisoma. Mimi ndiye niliyempa kalamu."

Akaeleza. Hakujitetea kwa fomu wala kwa Phares, na Waringa hakumtaja. Alisema alipewa alama mbaya, akaona uchungu, na ule uchungu ukamziba macho. Aliomba msamaha kwa Kikamba, kwa sababu Kiswahili chake kilikuwa kimekwisha. Machozi yalimtoka na hakuyafuta.

Kavutha alisikiliza hadi mwisho. Hakulia, wala hakupaza sauti. Alikuwa akitazama ukuta wa upande wa dirisha.

"Yurub ameondoka," akasema. "Amefunga kibanda juzi. Wanasema yuko kwa kaka yake Garissa, wengine wanasema Wajir. Hakuniaga."

Ndete akasema atamtafuta. Atauliza Pumwani, ataandika barua, atakwenda mwenyewe. Kavutha akatikisa kichwa. Alisema yale aliyomwambia mbele ya watu hayafutiki kwa barua.

"Alinilisha kwa kijiko," akasema. "Sasa hali ile ikinirudia tena, nitamwambia nani?"

"Niambie mimi, binti yangu. Mchana, usiku, nitakuja."

Kavutha akamgeukia. Usoni hapakuwa na hasira. Palikuwa na ile huruma ambayo mtu humwonea mzee aliyesahau jambo ambalo kila mmoja analijua.

"Wewe hapana, baba," akasema, akainuka kumfungulia mlango.